Mkutano wa Wapenzi wa Hadithi za Ajabu

Msomaji, mtu akikuambia kwamba wako watu wanaoweka akiba mwaka mzima, wakavuka bahari, wakakaa siku tano katika mji wa ugeni pamoja na maelfu ya watu wasiowajua, yamkini utadhani wanakwenda hija, au biashara, au kutazama mashindano ya kandanda. Lakini wako wafanyao hivyo kwa ajili ya vitabu tu. Wamesoma hadithi za namna moja, na mara moja kwa mwaka hukutana ili wazisifu, wazishutumu, na wawaone kwa macho wale waliozitunga. Mkutano wenye jina kubwa katika mikutano ya namna hii huitwa Worldcon. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuupima mkutano huo kama tunavyopima kitabu: tuziangalie sifa zake, tuziangalie kasoro zake, kisha tuamue kama una neno la kumfunza mwanafunzi asomaye katika shule ya Kenya.

Kwanza yafaa tujue ni hadithi gani zinazowakusanya watu hawa. Ziko za namna mbili, nazo ni ndugu. Katika hadithi za kisayansi mtungaji hushika jambo lililo katika elimu ya leo, akauliza: jambo hili likizidi kukua, maisha ya mwanadamu yatakuwaje? Katika hadithi za ajabu huuliza: kama ulimwengu ungekuwa na kanuni nyingine, kama wanyama wangesema na nchi zingeelea, tabia ya mtu ingeonekanaje? Usidhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Shaaban Robert, katika Kusadikika kilichotoka mwaka 1951, alituonyesha nchi iliyoko angani, na katika nchi hiyo isiyokuwako akaweka mahakama, mfalme na mashtaka tunayoyatambua mara moja. Katama Mkangi, mtungaji wa Kenya, katika Walenisi cha mwaka 1995, alimpandisha mtu wake katika chombo cha angani akamfikisha katika ulimwengu mwingine, na jina la ulimwengu huo likitamkwa polepole husema lenyewe: wale ni sisi. Basi hadithi ya ajabu ni kioo kilichowekwa mbali ili tujione vizuri zaidi.

Mikutano yenyewe ilianza kwa barua. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha katika Marekani gazeti lililoitwa Amazing Stories, la hadithi za kisayansi peke yake. Gazeti lilichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Msomaji aliyekuwa akidhani kwamba yu peke yake katika mji mzima aliona jina la mwenzake, akamwandikia. Kutokana na barua zilizaliwa vyama, na kutokana na vyama ilizaliwa mikutano. Januari 1937 wapenzi wachache wa Uingereza walikutana katika mji wa Leeds, na kati yao alikuwamo kijana Arthur C. Clarke, ambaye baadaye jina lake lilienea dunia nzima. Worldcon wa kwanza ulifanyika New York tarehe 2 hadi 4 Julai 1939, wakafika watu wapatao 200. Vita vikuu viliukatiza toka mwaka 1942 hadi 1945, kisha ukaendelea.

Hebu sasa tuseme kwamba wewe na rafiki zako watatu mmepata nafasi ya kwenda. Mtakuta nini? Asubuhi mtapewa kijitabu chenye ratiba, na ndani yake mtaona mambo mengi yanayofanyika kwa saa moja katika kumbi mbalimbali. Katika ukumbi mmoja mtungaji asoma sura ya kitabu chake ambacho hakijatoka. Katika wa pili mtaalamu wa nyota aeleza kama safari fulani iliyosimuliwa katika riwaya yawezekana au haiwezekani. Katika wa tatu watu watano wameketi mbele ya hadhira wakibishana kama shujaa wa kitabu fulani alistahili kuishi. Kuna soko la vitabu vipya na vikuukuu, kuna maonyesho ya picha, kuna mstari mrefu wa watu waliokumbatia vitabu wakingoja vitiwe sahihi. Usiku mmoja kuna maonyesho ya mavazi.

Juu ya mavazi hayo nina neno la kusema, maana ndiyo yanayochekwa sana na watu wa nje. Wao huona mtu mzima aliyevaa joho la mchawi au ngozi ya kiumbe cha sayari nyingine, wakasema kwamba amerudi utotoni. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Katika mkutano wa mwaka 1939 mwanamke mmoja aliyejulikana kwa jina la Morojo alishona kwa mkono wake mavazi ya watu wa wakati ujao, yeye akavaa vazi moja na rafiki yake Forrest Ackerman akavaa jingine. Mtu anayeshona vazi la mhusika hulazimika kukisoma kitabu kwa makini kuliko mtu anayekisoma kwa ajili ya mtihani. Yampasa kujua mhusika ana cheo gani, nchi yake ina baridi au joto, mikono yake hufanya kazi gani. Nasema kwamba vazi lililoshonwa vizuri ni maelezo ya kitabu yaliyoandikwa kwa sindano, na lililoshonwa vibaya ni insha ya mwanafunzi ambaye hakusoma.

Nanyi rafiki wanne mtafanyaje? Wengi hukosea hapa. Hushikana mikono toka asubuhi hadi jioni, wakaingia ukumbi ule ule, wakasikia neno lile lile, na usiku hawana la kuambizana. Urafiki wa namna hiyo ni mzuri njiani, lakini katika nyumba ya elimu ni umaskini. Heri mtawanyike asubuhi, kila mmoja aende anakovutwa na moyo wake, na jioni mkutane mezani. Hapo mmoja atasema alilolisikia, wa pili atalipinga kwa jambo alilolisikia kwingine, wa tatu atakiri kwamba kitabu alichokidharau kina wema ambao hakuuona. Faida ya kwenda na rafiki ni kuwa na mtu wa kukubishia bila kukuchukia. Mgeni akikupinga waweza kufikiri kwamba anakuonea; rafiki akikupinga hapana budi usikilize.

Nimekwisha kutaja mambo yanayopendeza macho. Sifa iliyo kubwa kuliko hizo haionekani kwa macho. Waliolipa ada ya mkutano huitwa wanachama, wala hawaitwi wateja, na jina hilo lina maana. Wanaouandaa hufanya kazi kwa kujitolea. Mji utakaoupokea mkutano huchaguliwa kwa kura za wanachama, kwa kawaida miaka miwili kabla. Na toka mwaka 1953, mkutano ulipofanyika Philadelphia, wanachama hutoa tuzo iitwayo Hugo, kwa ukumbusho wa yule mwanzilishi wa gazeti. Riwaya ya kwanza kupata tuzo hiyo ilikuwa The Demolished Man ya Alfred Bester. Hakuna jopo la wakubwa linalojifungia chumbani. Kila mwanachama aweza kupendekeza kazi tano katika kila fungu. Sita zilizopendekezwa zaidi hushindanishwa. Naye mpiga kura huzipanga kwa daraja, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pia aweza kuandika kwamba hakuna hata moja inayostahili. Zingatia haki hiyo ya mwisho, msomaji. Mahali ambapo mtu hana ruhusa ya kusema kwamba vyote ni vibaya, sifa anayotoa haina uzito.

Sasa linganisha jambo hilo na desturi yetu. Katika shule nyingi riwaya iliyoteuliwa kwa mtihani hufika mikononi mwa mwanafunzi pamoja na kijitabu kingine kiitwacho mwongozo. Mwongozo humwambia mhusika mkuu ana sifa gani, dhamira ni zipi, mbinu za lugha zimetumika wapi. Mwanafunzi mwenye haraka huusoma mwongozo akaiacha riwaya. Ukimwuliza kama kitabu ni kizuri atakujibu maneno ya mwongozo, na ukimwuliza yeye mwenyewe anaonaje atanyamaza kama aliyeulizwa siri ya nyumbani. Siwalaumu watungaji wa miongozo, maana mtu aliye gizani huhitaji taa. Nalaumu desturi ya kumfanya msomaji awe mpokezi wa hukumu iliyokwisha kukatwa. Katika mkutano huu ninaouzungumza, karani, fundi, mwanafunzi na mzee aliyestaafu, kila mmoja ana kura moja, na kura hiyo humlazimisha asome, maana ni aibu kuhukumu usichokijua. Sifa hii peke yake yatosha kuufanya mkutano ustahili heshima.

Lakini penye wengi pana mengi, na mchambuzi anayeona sifa tu ni mpambe. Kasoro ya kwanza ilionekana siku ile ile ya kuzaliwa. Mwaka 1939 waandalizi waliwazuia mlangoni vijana sita wa chama kingine cha New York, kwa kuhofia kwamba wangeleta fujo na siasa zao. Kati ya waliozuiwa walikuwamo Frederik Pohl, Donald Wollheim na Cyril Kornbluth. Miaka ilipopita, Pohl na Kornbluth waliandika pamoja riwaya ya The Space Merchants, iliyotoka katika kitabu mwaka 1953, na Wollheim akaanzisha mwaka 1971 kampuni ya vitabu vya namna hii. Waliofukuzwa mlangoni wakawa nguzo za nyumba. Watu waliokusanyika kuzungumza juu ya walimwengu wa mbali walishindwa kuvumilia jirani wa mtaa wa pili! Yeyote anayefunga mlango kwa sababu ya hofu yampasa ajiulize anamfungia nani.

Kasoro ya pili yahusu rangi. Kwa muda mrefu hadithi za safari za nyota zilikuwa na nafasi ya kila kiumbe, ila mtu mweusi hakuonekana. Samuel Delany, mtungaji Mweusi wa Marekani, ameeleza kwamba mhariri mashuhuri John W. Campbell aliikataa riwaya yake ya Nova kwa kudhani kwamba wasomaji hawangempokea shujaa mweusi. Octavia Butler alipata Hugo mwaka 1984 na tena mwaka 1985, lakini kwa hadithi fupi na hadithi ya wastani. Ilipofika mwaka 2016 ndipo mtungaji Mweusi alipopata tuzo ya riwaya bora: N. K. Jemisin, kwa The Fifth Season. Akaipata tena mwaka 2017 na mwaka 2018, na kabla yake hakuna aliyepata kuishinda miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2016 huo huo Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria, alipata Hugo kwa Binti. Miaka mitano kabla alikuwa amepata tuzo ya mkutano mwingine, wa hadithi za ajabu, na zawadi yake ilikuwa sanamu ya kichwa cha H. P. Lovecraft, mtu aliyeandika maneno ya kuwatweza watu weusi. Okorafor hakuitupa zawadi wala hakunyamaza. Aliandika waziwazi juu ya uchungu wa kupewa heshima yenye uso wa mtu aliyemdharau. Wengine walisema kama yeye, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo haitatolewa tena. Hapo pana somo la uhakiki: mtu aweza kuupenda ukoo wa vitabu na bado akaukosoa.

Kasoro ya tatu ni kufuata bendera. Kura ni silaha njema mikononi mwa mtu aliyesoma, na silaha mbaya mikononi mwa aliyepewa orodha. Mwaka 2015 vikundi fulani viliwaelekeza wafuasi wao wapendekeze majina yale yale, hata mafungu kadhaa yakajaa kazi za orodha. Wanachama wengi walikasirika, wakatumia haki ile niliyoitaja, na katika mafungu matano wakaamua kwamba hakuna mshindi. Wako wanaosifu uamuzi huo, nami naona ulikuwa wa lazima; lakini ulikuwa na gharama, maana huenda kazi njema iliyojikuta katika orodha bila mwandishi wake kutaka iliangushwa pamoja na mbaya. Mwaka huo huo, kama kwamba kusawazisha mizani, tuzo ya riwaya ilimwendea Liu Cixin wa Uchina kwa The Three-Body Problem, nayo ndiyo riwaya ya kwanza iliyotafsiriwa kupata tuzo hiyo.

Kasoro ya nne ni mbaya zaidi, maana ilitoka kwa waliokabidhiwa amana. Mwaka 2023 mkutano ulifanyika Chengdu, katika Uchina. Hesabu za kura zilipotolewa Januari 2024, ilionekana kwamba kazi kadhaa zilizopata mapendekezo ya kutosha ziliondolewa, mathalan riwaya ya Babel ya R. F. Kuang, bila sababu ya kueleweka kutolewa. Barua zilizofichuliwa mwezi uliofuata zilionyesha kwamba baadhi ya wasimamizi walikuwa wamekusanya habari za waandishi na maneno yao ya siasa. Wasimamizi hao hawakuhitaji kuchoma kitabu. Walifuta jina tu. Mkutano wa Glasgow wa mwaka 2024 ulitenda kinyume. Wasimamizi wake walipogundua kura 377 za udanganyifu walizibatilisha, wakatangaza jambo hilo hadharani kabla ya siku ya tuzo. Makosa yalikuwako katika miaka yote miwili. Tofauti ni kwamba mmoja uliyafunika na mwingine uliyafunua. Nami naamini kwamba jumuiya ya wasomaji hupimwa kwa jambo hilo kuliko kwa uzuri wa kumbi zake.

Kasoro ya tano yatugusa sisi. Jina la mkutano lasema ni wa dunia, lakini mara nyingi umefanyika katika Marekani. Umepata kufika London mwaka 1957, Melbourne mwaka 1975, Yokohama mwaka 2007, na hata mwaka 2025 ulipopita haukuwa umefanyika katika Afrika. Nauli ya ndege, ada, chumba cha hoteli na viza ni kuta nne zinazomzunguka kijana wa Kisumu au Lamu. Basi mtu aweza kuniuliza: kwa nini watusifia karamu ambayo hatukualikwa?

Nimesifu karamu hiyo kwa sababu upishi wake waweza kuigwa. Vyombo vyake ni vitu vitatu: kitabu kilichosomwa na wengi, rafiki wenye maoni mbalimbali, na kura ya siri. Vyote vyapatikana katika darasa lolote. Nairobi yenyewe imekwisha kuona mikutano ya wapenzi wa katuni na michezo ya kompyuta, ambamo vijana huja na mavazi waliyoyashona. Mwenzetu Wanuri Kahiu alitengeneza mwaka 2009 filamu fupi ya kisayansi, Pumzi, juu ya Afrika ya Mashariki iliyokosa maji, nayo ikasafiri ikaonyeshwa ng'ambo. Kwa hiyo hatukosi kazi za kujadili, wala hatukosi lugha ya kuzijadilia.

Chagueni basi vitabu vitano, kimoja kiwe Kusadikika au Walenisi. Visomeni kwa muhula mmoja, na miongozo ikae kabatini. Siku ya kukutana mpeni kila mtu dakika tano za kusema, na anayesifu aonyeshe ukurasa, na anayeshutumu aonyeshe ukurasa. Anayetaka kushona vazi la Karama ashone. Kisha pigeni kura, na katika karatasi pawe na mstari unaosema kwamba hakuna kinachostahili. Hesabuni kura mbele ya watu wote. Wala msimzuie mtu mlangoni kwa sababu ya kidato chake, kabila lake au kikundi chake. Na akija yule mbishi mnayemwogopa, mpeni kiti cha mbele.

Mtakosea, kama walivyokosea wao. Mmoja wenu atampigia kura rafiki badala ya kitabu. Mwingine atakasirika kwa sababu kitabu akipendacho kimeshindwa. Hayo hayadhuru sana, maadamu hesabu iko wazi na neno la kila mtu limesikika. Katika Kusadikika, Karama alisimama mbele ya baraza lenye uwezo wa kumwua, wala hakuwa na silaha ila hoja, na msomaji hukumbuka mpaka leo kwamba alipewa nafasi ya kuzisema. Nafasi hiyo ndiyo haki ya kwanza ya kila asomaye. Asiyeitumia atabaki mgeni hata katika kitabu alichokinunua kwa fedha yake.